Kichwa Kikubwa na Kubalehe Kabla ya Wakati

Msichana wa miaka saba aanzapo kuota matiti, aghalabu jamaa zake husema kwamba ameshiba vizuri, au kwamba ndiyo asili ya ukoo wao. Lakini ikiwa mtoto huyo aliwahi kuugua kichwa kikubwa, yaani maradhi ya maji kujaa ubongoni, sababu yafaa itafutwe kwingine.

Ndani ya ubongo mna vyumba vinne vyenye maji maangavu. Mtu mzima hutengeneza kiasi cha nusu lita ya maji hayo kila siku, nayo hurudi katika damu. Njia yake ikizibwa na maambukizo ya utotoni, au na kasoro iandamanayo na mgongo wazi, vyumba hutanuka. Chumba cha tatu kimo katikati kabisa, na sakafu yake ni haipothalamasi, sehemu ndogo iamrishayo tezi ya pituitari iliyo chini yake. Humo ndimo ilimo saa ya kubalehe.

Saa hiyo hutumia homoni ambayo muundo wake ulifumbuliwa mwaka 1971 katika maabara ya Andrew Schally, Marekani, kutokana na bongo za nguruwe. Homoni hiyo haitoki mfululizo, bali kwa vipindi, kama mapigo ya ngoma. Mwaka 1978 Ernst Knobil na wenzake walionyesha kwamba kima akitiwa homoni hiyo mara moja kila saa, pituitari yake huitika. Akitiwa bila kukoma, pituitari hunyamaza.

Utotoni mapigo hayo huzuiwa. Inadhaniwa kwamba mkandamizo wa maji hudhoofisha kizuizi hicho, hata dalili zikaonekana kabla ya miaka 8 kwa msichana au 9 kwa mvulana. Watoto wengine, ambao pituitari yao imedhoofika, huchelewa badala ya kuwahi.

Ajabu ni kwamba mtoto awapitaye wenzake kwa kimo leo huweza kuishia mfupi kuliko wote, kwani homoni za uzazi huikomaza mifupa na kuikomesha isirefuke. Tena watu humdai busara ya mkubwa, hali akili yake ni ya miaka saba. Na wako wanaume wa kumdhuru.

Upasuaji wa kuweka mrija, au wa kutoboa sakafu ya chumba cha tatu kama alivyofanya Benjamin Warf huko Mbale, Uganda, kwa njia aliyoieleza mwaka 2005, huondoa mkandamizo. Hata hivyo, saa iliyokwisha kuvurugika huenda isirudi nyuma. Hapo ndipo ugunduzi wa Knobil unapofaa: sindano ya dawa inayofanana na homoni ile, ikikaa mwilini mfululizo kwa mwezi mmoja au mitatu, huinyamazisha pituitari. Ikiachwa, kubalehe huendelea kama kawaida.

Kabla ya kuanza dawa, daktari hupima damu na kupiga eksirei ya mkono wa kushoto. Mifupa ya mtoto wa miaka 7 ikionekana kama ya mtoto wa miaka 10, muda wa kurefuka uliobaki ni mfupi.