Ufunguo wa Utambulisho Wako Uko Mikononi mwa Nani?

Mwishoni mwa Julai 2023, vijana wengi walipanga foleni katika jumba la KICC jijini Nairobi ili mashine ya mradi wa Worldcoin iwapige picha ya mboni za macho. Waliahidiwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Agosti 2 serikali ikasimamisha zoezi hilo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa za kibayometria zilizokusanywa zifutwe.

Mradi ule ulijinadi kwa teknolojia ya blokcheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, ile inayosifiwa kumrudishia mtu umiliki wa utambulisho wake. Ndiyo maana kisa hiki hakinitoki akilini. Blokcheni peke yake haimpi mtu umiliki wowote. La kuangalia ni nani anashika ufunguo, na kitu gani kinabaki kwa mwenzako kila unapojitambulisha.

Mfumo uliogatuliwa kwa kweli, usiotegemea ofisi moja, unaanzia kwenye simu yako. Programu inatengeneza funguo mbili: wa siri, unaokaa simuni mwako, na wa umma, ambao yeyote anaweza kuuona. Kutokana na funguo hizo unapata kitambulishi chako bila kumwomba mtu kibali. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti duniani, lilipitisha kiwango cha vitambulishi hivyo Julai 2022.

Bado utahitaji mtu wa kukuthibitisha. Chuo kinakupa cheti chenye saini yake ya kidijitali, nawe unakihifadhi simuni. Mwajiri akikitaka, unamtumia. Anakagua saini kwa ufunguo wa umma wa chuo, na mtu akibadilisha hata herufi moja ya cheti, saini inakataa. Hahitaji kupiga simu chuoni, na chuo hakijui umeomba kazi wapi.

Uzuri zaidi uko kwenye kutoa kile tu kinachohitajika. Fikiria daftari la wageni pale mapokezi ya gesti: jina, kabila, utokako, uendako, namba ya kitambulisho, na anayekuja baada yako anayasoma yote. Kwa vyeti vya aina hii unaweza kuthibitisha kwamba umetimiza miaka 18 bila kutaja hata tarehe ya kuzaliwa.

Kwenye blokcheni yenyewe, ikitumika, zinapaswa kuwekwa funguo za umma tu. Kilichoandikwa humo hakifutiki kirahisi, ilhali sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinampa mwananchi haki ya kudai taarifa zake zifutwe. Anayetaka kupandisha jina lako au alama za vidole vyako kwenye blokcheni anakuweka hatarini. Ufunguo ukivuja unatengeneza mwingine. Mboni ya jicho huwezi kuibadilisha.

Bhutan ilizindua utambulisho wa taifa wa namna hii mwaka 2023. Kwetu naona kikwazo kikubwa ni simu. Simu zinaibwa, zinaharibika, nyingine zinatumiwa na nyumba nzima. Kitambulisho cha plastiki kikipotea unarudi ofisini kuomba kingine, lakini ufunguo wa siri ukipotea hakuna ofisi yenye nakala yake. Dawa ipo: mbinu ya kihesabu iliyobuniwa na Adi Shamir mwaka 1979 inaweza kuugawa ufunguo vipande kwa, tuseme, watu watano unaowaamini, na watatu kati yao wakikutana ufunguo unarudi. Mmoja peke yake hawezi kuutumia. Mfumo usio na njia kama hii haujawa tayari kwa mwananchi wa kawaida, hata usifiwe vipi.

Kwa hiyo ukiitwa kusajiliwa popote, uliza ufunguo utakaa kwako au kwao, na utafanyaje simu ikipotea. Usipojibiwa ukaelewa, usiwape macho yako wala vidole vyako, hata kama wameweka pesa mezani.