Maswali Yaulizwayo Juu ya Vitenzi vya Kiingereza

Mtu akaaye Mugutha, upande wa Ruiru, aweza kuzungumza Kikuyu nyumbani, kununua na kuuza kwa Kiswahili sokoni, kisha jioni akatakiwa kuandika barua ya Kiingereza kwa ofisi fulani ya Thika. Lugha mbili za kwanza humtii. Ile ya tatu humsumbua, na humsumbua hasa katika kitenzi.

Swali la kwanza, ambalo watoto wa shule huwauliza wazazi wao, ni hili: kwa nini "Did you went?" ni kosa, na hali jambo lenyewe limekwisha kupita? Jibu ni kwamba alama ya wakati uliopita hutiwa mara moja tu. Neno "did" limekwisha kuichukua, basi kitenzi kifuatacho hubaki kitupu: "Did you go?" Katika Kiswahili nako hakuna asemaye "ulilikwenda".

Swali la pili ni gumu zaidi, na limewatatiza hata makarani wa siku nyingi. Ni lini husemwa "I paid", na ni lini husemwa "I have paid"? Kitenzi cha Kikuyu hutenga jambo la leo, la jana, na la zamani. Kiingereza hakitengi hivyo. Lililotendeka asubuhi na lililotendeka enzi za babu huweza kusemwa kwa umbo moja. Basi Mkikuyu hakupungukiwa na elimu ya nyakati. Pengine anayo kuliko Mwingereza! Lakini Kiingereza huuliza jambo jingine: je, habari hii imefungwa, au ingali inagusa sasa? Ukitaja wakati uliokwisha, kama jana au mwaka 2015, "have" haina nafasi. "I have paid yesterday" ni kosa, ijapokuwa kwa Kiswahili wengi husema "nimelipa jana" bila kulaumiwa.

Hapa kosa laweza kumletea mtu hasara. Mzee mmoja ataka kuijulisha ofisi ya ardhi kwamba yumo katika kiwanja chake, naye hajapata kuhama. Mwanawe, aliyefundishwa kwamba jambo la zamani huandikwa kwa "-ed", amwandikia: "I lived on this plot for twelve years." Afisa asomapo hufahamu kwamba mzee alikaa, kisha akaondoka. Ilipasa kuandikwa "I have lived". Kama kijana angaliyasikiliza maneno ya baba yake, "nimekaa hapa miaka 12", angalionyeshwa njia na Kiswahili chenyewe, kwa kuwa baba hakusema "nilikaa". Tena asiandike "I am living here for twelve years", kwa kufuata "ninakaa hapa"; Kiingereza hakikubali.

La tatu ni neno dogo sana. Mtu aulizwa, "Haven't you paid?" Naye, kwa kuwa hajalipa, ajibu "Yes", akifuata desturi ya Kiswahili: "Hujalipa?" "Ndiyo, sijalipa." Kwetu ndiyo hukubaliana na maneno ya mwulizaji. Kwa Kiingereza "Yes" maana yake ni kwamba amelipa, na karani huenda akaandika hivyo kitabuni. Ni salama kutoliacha neno hilo peke yake, bali kujibu kwa ukamilifu: "No, I have not paid."

Wapo pia wasemao "Borrow me your bicycle", maana kuazima kwetu hufaa kwa apaye na apewaye. Apaye hu-"lend", apewaye hu-"borrow".

Na kwa mwenye shauri zito asiyeviamini vitenzi vyake, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imevifanya Kiswahili na Kiingereza vyote viwili kuwa lugha rasmi. Barua ya yule mzee ingaliweza kuandikwa kwa maneno yale yale aliyoyatamka.