Kuku yuko mezani, firigisi iko wapi?

Kama unaishi Nakuru na hujawahi kuona ndoa ikitikiswa na kipande cha nyama kidogo kuliko yai, basi hujakaa Nakuru vya kutosha. Kipande chenyewe ni firigisi ya kuku.

Kwa Waluhya, firigisi ni haki ya mkuu wa nyumba, au ya mgeni wa heshima anayetunukiwa na mkuu huyo. Sasa fikiria bwana wa Kakamega aliyeoa binti wa Nyandarua. Binti huyu amekulia mahali ambapo firigisi ni ya yeyote aliye karibu na sufuria. Anampa mtoto anayelilia jikoni. Bwana anaketi, anapekua mchuzi kwa kijiko mara ya kwanza, mara ya pili, kisha anauliza kwa upole wa kutisha: "Mama watoto, kuku huyu alizaliwa bila firigisi?"

Usicheke bado, msomaji. Mwenzako halii njaa. Kwake yeye, sahani ile imesema kwamba nyumba hiyo haina mzee.

Vioja kama hivi havikosi katika mji huu, na sababu yake ni historia. Tangu reli ilipofika hapa mwaka 1900, watu wamemiminika kutoka kila pembe: wengine kufanya kazi katika mashamba ya walowezi kule Njoro, Molo na Subukia, wengine relini, viwandani na sokoni. Nakuru ilitangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba, 2021, lakini kila aliyehamia alikuja na mila zake ndani ya kikapu. Ingia katika ploti yoyote ya Kaptembwo au Langa Langa: mlango wa kwanza Mkikuyu, wa pili Mkipsigis, wa tatu Mkisii, wa nne Mjaluo, na wote wanateka maji katika mfereji mmoja.

Maziwa na masizi

Hebu tuingie nyumba ya Mkalenjin. Pale ukutani kuna kibuyu cha mursik. Kwanza ndani yake husuguliwa kwa kijinga cha mti maalum kilichochomwa, kisha hutiwa maziwa yaliyochemshwa na kupoa, yakaachwa siku kadhaa yagande. Yakimiminwa huwa na rangi ya majivu na chembe nyeusi. Ndiyo maziwa wanayonyweshwa wanariadha wetu mashujaa wanaporudi nyumbani na medali.

Lakini mke mgeni ambaye hakuelezwa mapema hufanya nini? Anaona chombo kichafu! Kwa kutaka kumfurahisha mama mkwe, anachukua sabuni na mchanga, anakisugua kibuyu mpaka harufu yote ya moshi inatoka. Mama mkwe anaporudi kutoka shambani anakuta kibuyu kinanukia kama nguo za Jumapili. Nani wa kulaumiwa hapo? Mwenye bidii, au aliyenyamaza asimweleze?

Mtoto mmoja, bibi wawili

Majina nayo yana yake. Mkikuyu humpa binti wa kwanza jina la mama wa baba. Kwa hiyo baba humwita mtoto wake "mama", na mke anaposhika mwiko kumtia adabu huulizwa, "Unataka kumchapa mama yangu?" Wapo wake ambao huona hapo nafasi nzuri ya kusema yale wasiyoweza kumwambia mama mkwe mwenyewe!

Mkalenjin, kwa upande wake, hutazama saa na hali ya siku. Aliyezaliwa mchana ni Kibet au Chebet. Aliyezaliwa jioni mbuzi wakirejea zizini ni Kiprono au Cherono. Kipchumba ni jina linalohusishwa na wazungu na hospitali zao, na kama tungelifuata neno kwa neno, wavulana wote wa wodi za Nakuru wangeitwa Kipchumba. Wazazi wa makabila hayo mawili wakioana, mtoto huitika kwa bibi huyu kwa jina moja na kwa bibi yule kwa jina jingine, na kupata peremende kwa wote wawili.

Pazia halitoshi

Tatizo kubwa huja na mgeni wa usiku. Kwa Waluhya na Wajaluo wengi wanaoshika mila, mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe. Sheria hii ilitungwa mahali penye boma pana. Leo mkwe ana chumba kimoja, na kati ya kitanda na jiko kuna pazia tu. Basi likimshusha mama saa mbili usiku, baba mwenye nyumba ndiye huokota blanketi na kwenda kubisha kwa jirani. Na jirani huyo, aghalabu wa kabila jingine, humfungulia bila kuuliza maswali.

Hapo ndipo penye uzito, msomaji. Mwaka 1992, na tena Januari 2008, watu waliuawa na kufukuzwa makwao katika eneo hili kwa sababu ya kabila. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi waligeuka maadui, na mila zilezile za kuchekesha zikawa matusi.

Ndugu zetu wa Tanzania wana jambo la kutufunza. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na hutaniana bila mtu kununa. Lakini utani una deni: mtani ndiye anayefika msibani kusaidia kazi na kuwachekesha wafiwa. Anayekucheka ndiye atakayekuzika.

Kwa hiyo, kabla hujamcheka jirani kwa maziwa yake au majina yake, jipime: usiku akibisha mlango wako na blanketi mkononi, utamfungulia? Kama ndiyo, mcheke mpaka machozi yakutoke, naye akucheke wewe. Kama sivyo, funga mdomo wako kwanza, ujifunze kufungua mlango.