Mbwa wa Mtaani Akijeruhiwa, Nani Alipe?



Kamati zetu za parokia zimezoea kuulizwa nani atalipa karo ya mwanafunzi au dawa za mgonjwa. Swali la mbwa huwa halimo katika ajenda. Hata hivyo, kwa wanaoishi Mchafukoge na pembezoni mwa soko la Kariakoo, swali hili linaweza kuja usiku wowote. Mbwa koko hufuata mabaki ya soko na ya mama lishe. Mlinzi humtupia chakula, watoto humpa jina, naye hugeuka kuwa mbwa wa mtaa. Siku akigongwa na gari, wenye huruma humpakia kwenye bajaji na kumkimbiza kwa daktari wa mifugo. Deni huanzia hapo.

Gharama zinatoka wapi?

Bima za afya tulizozizoea hazimhusu mbwa, kwa hiyo kila huduma hulipwa taslimu. Kuna nauli, ada ya kumwona daktari nje ya saa za kazi, sindano ya maumivu na dripu. Mfupa ukidhaniwa umevunjika, kuna eksirei, kisha dawa ya usingizi na upasuaji. Baadaye kuna antibiotiki, kusafisha vidonda, chakula na mahali pa kumlaza. Mfupa huchukua majuma mengi kuunga. Ndiyo maana wengi hulipa usiku wa kwanza kwa moyo mkunjufu, kisha wakashindwa katika juma la tatu.

Nani ana wajibu?

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama na inamtaka anayemtunza mnyama asimwache ateseke. Mbwa wa mtaa hana mwenyewe anayejulikana. Kwa kawaida, aliyemleta ndiye anayeulizwa malipo. Ni vema ajue hivyo kabla hajaweka sahihi.

Je, fedha hizi si za watu?

Wafadhili wetu wana haki ya kuuliza hivyo, nasi tunajibu waziwazi. Fedha iliyotolewa kwa ajili ya kisima au karo isiguswe kwa ajili ya mbwa, hata kwa mkopo wa siku mbili. Anayetaka kumsaidia mbwa achange kwa hiari, na mchango huo uandikwe peke yake.

Lakini si kweli kwamba mbwa huyu hawahusu watu. Mnyama mwenye maumivu huuma hata anayempenda, na kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 7 kati ya kila 10 katika eneo, ugonjwa huu hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye chanjo, kabla ya ajali yoyote.

Huruma hii si ya dini moja. Jirani zetu Waislamu, ambao wengi wao hawafugi mbwa ndani ya nyumba, wanaijua hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Wala tatizo la malipo si geni. Mwaka 1917, Maria Dickin alifungua zahanati ya bure ya wanyama katika mtaa maskini wa London, kwa kuwa wenye wanyama hawakuweza kumlipa daktari. Kazi yake ilikua ikawa shirika la PDSA, linaloendelea hadi leo kwa michango. Hapa Dar es Salaam tunalo shirika la TAWESO, linaloshughulikia ustawi wa wanyama.

Tunapendekeza nini?

1. Kamati au kikundi cha mtaa kiwe na namba ya simu ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa kabla ya dharura.

2. Ateuliwe mtu mmoja wa kutoa idhini, na kiwekwe kiwango cha juu cha fedha.

3. Daktari aombwe makadirio mawili: ya usiku wa kwanza, na ya matibabu hadi apone. Aulizwe pia kama malipo yanaweza kufanywa kwa awamu.

4. Kabla ya upasuaji ajulikane atakayemtunza mbwa baadaye. Upasuaji bila matunzo ni hasara kwa wote.

5. Daktari akisema hakuna tumaini, kumlaza kwa sindano asiendelee kuteseka si ukatili. Kumwacha barabarani kwa sababu tunaogopa kuamua ndiko ukatili.

6. Stakabadhi zote zitunzwe na waliochanga wasomewe hesabu.

Hatuwaombi mfungue hospitali ya mbwa. Tunawaomba kikao kimoja tu, kifanyike mchana, wakati hakuna mbwa anayelia mlangoni. Uamuzi wa usiku, mbele ya damu na machozi ya watoto, mara nyingi huwa ghali, na hutuacha tukilaumiana.