Fahamu: Shule ya Gando, mradi wa mwanafunzi ulioshinda joto

Miradi mingi ya wanafunzi wa usanifu majengo huishia kwenye karatasi. Wa Diébédo Francis Kéré ulijengwa. Akiwa bado anasoma Berlin, alichangisha fedha za shule ya msingi kijijini kwao Gando, Burkina Faso, ikakamilika mwaka 2001.

Uzuri wa shule hiyo uko juu. Paa la bati limeinuliwa mbali na dari kwa nondo zilizochomelewa. Dari yenyewe ni ya matofali yaliyoachiwa nafasi: hewa ya moto hupanda na kutoka, upepo mpya huingia madirishani. Bati likikaa karibu na vichwa vya watoto, kama katika shule zetu nyingi, saa nane mchana darasa huwa tanuri.

Kuta ni za udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Wanakijiji wenyewe walishiriki ujenzi. Watoto walibeba mawe ya msingi, akina mama wakateka maji. Kwangu hili ndilo kubwa zaidi, kwa sababu ufundi ulibaki kijijini.

Mwaka 2022 Kéré alipata Tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata. Kenya nayo ina kazi yake: kampasi ya Startup Lions huko Turkana, yenye minara mirefu ya kutolea hewa ya moto.