Ollie Matson na Mwaliko Uliokataliwa

Kandanda ya Marekani ina jina linalohadaa, kwani mguu hauugusi mpira ila kwa nadra. Mpira wenyewe, wenye umbo la yai, hushikwa mikononi, na aghalabu mchezaji mmoja hukabidhiwa akimbie nao huku mapande ya watu yakimwania kumwangusha. Kiswahili hakijampa mchezaji huyo jina. Neno mkimbizi tumekwisha kumpa mtu mwenye dhiki kubwa zaidi. Basi mimi nitamwita mbebampira.

Ollie Matson, mzaliwa wa Texas mwaka 1930, alikuwa mbebampira wa kutajika. Mnamo 1951, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha San Francisco, alikimbia na mpira yadi 1,566, idadi ambayo mwanafunzi mwingine yeyote nchini humo hakuifikia msimu ule. Timu yake ilicheza mechi tisa, ikashinda zote.

Kwa desturi, timu ya sifa hizo hualikwa kwenye mechi kuu za mwanzo wa mwaka, zenye fedha na fahari. Mwaliko ulinukia, lakini kwa sharti: waje bila ya Matson na Burl Toler, wachezaji wao weusi. Wenzao Wazungu walikataa katakata. Na ieleweke kwamba hawakukataa jambo dogo. Chuo kilikuwa kimelemewa na gharama za mchezo huo, na baada ya msimu kikaivunja timu. Sisi tunaofundisha tumezoea kupima michezo kwa vikombe vilivyopangwa ofisini mwa mwalimu mkuu. Kikombe cha mechi ile vijana hao hawakukigusa, nami sijui timu ya wanafunzi iliyofunzwa vyema kuliko hiyo.

Mwaka 1952 klabu ya kulipwa ya Chicago Cardinals ilimchagua Matson. Kabla ya kuichezea, alikwenda Olimpiki ya Helsinki, akatwaa nishani ya shaba katika mita 400 na ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti, Marekani ikipitwa na Jamaika kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwaka 1959 Los Angeles Rams walitoa watu tisa ili wampate yeye peke yake. Aliendelea kucheza hadi 1966.

Gharama ya kuangushwa miaka yote hiyo ilikuja uzeeni. Kumbukumbu zilimtoka, hata usemi ukamkauka. Alifariki Februari 2011, na uchunguzi wa ubongo wake ukaonyesha maradhi yaletwayo na mapigo ya mara kwa mara kichwani.

Toler naye aliumia goti mwaka 1952, asipate kucheza kwa malipo hata mara moja. Aligeukia ualimu huko San Francisco, baadaye akawa mwalimu mkuu. Na mwaka 1965 aliingia uwanjani kwa kipenga, mwamuzi wa kwanza mweusi katika ligi aliyokuwa akichezea Matson.