Tairi Linalokwenda Bila Upepo: Tuzibe au Tununue Jingine?

Wapendwa akina mama, najua baadhi yenu mkiona neno tairi hapo juu mtataka kufunua kurasa za mapishi. Tafadhali msifunue kwanza. Mimi ni muuguzi, si fundi, na hadi Agosti 2023 nilichokuwa nikijua kuhusu matairi kilikuwa kimoja tu: likiisha upepo, sisi abiria tunashuka, tunakaa kivulini, wanaume wanahangaika na jeki.

Mwezi huo mtoto wa dada yangu alikuja Namswea kutoka Dar es Salaam kwa harusi ya mdogo wake. Alikuja na mkewe, watoto wao wawili, na gari la spoti la milango miwili, la chini sana, ambalo alilinunua likiwa limekwisha kutumika huko Japani. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbinga mjini ni zaidi ya kilometa 1,000, na njia yote ni lami, kwa hiyo gari lilikuja vizuri. Taabu ilianza alipoiacha lami na kushika barabara ya kwetu ya milimani yenye changarawe na mawe. Wazee waliokuwa wakianika kahawa waliacha kazi wakalitazama likipita polepole, likikwepa kila jiwe kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

Siku moja baada ya harusi, yapata saa nane usiku, niliamshwa. Nilikuwa likizo, lakini kijijini muuguzi hana likizo. Mama mmoja alikuwa amejifungua salama mtoto wake wa nne pale zahanati, ila kondo la nyuma liligoma kutoka na damu ilikuwa ikiendelea kumwagika. Mwenzangu wa zamu alikuwa amekwisha kumchoma sindano ya oxytocin, amemwekea dripu na kutoa mkojo kwa mpira. Alifanya yote yaliyompasa. Kilichobaki kilikuwa ni hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongeza. Tulipiga simu, tukaambiwa gari la wagonjwa limekwenda upande wa ziwani na mgonjwa mwingine. Basi nikaenda kumgongea mwanangu.

Tulilaza kiti cha mbele, tukamlaza mama juu yake. Mimi nilijibana nyuma, mkono mmoja juu ya tumbo lake, mwingine umeinua chupa ya dripu. Mumewe alijikunja pembeni yangu, magoti yamefika kidevuni. Mtoto mchanga alibaki kifuani kwa bibi yake. Tukasali Baba Yetu, tukaondoka.

TAA YA NJANO

Tulipokuwa tumebakiza kama kilometa 20 kufika mjini tulisikia kishindo chini, na baada ya dakika chache ikawaka taa ya njano mbele ya dereva. Ilikuwa alama mfano wa chungu kilichokatwa katikati, na ndani yake alama ya mshangao.

"Mama mdogo, tairi la nyuma limetoboka," akasema.

"Simama haraka ubadilishe."

"Gari hili halina spea."

Nilidhani anatania. Gari la fedha nyingi vile, linatoka Dar es Salaam hadi Namswea, halina hata tairi la akiba! Lakini hakusimama. Alipunguza mwendo tu, akaniambia kwamba matairi yale ni ya ranifleti, yaani yametengenezwa ili yaweze kwenda hata yakiwa hayana upepo. Cha ajabu ni kwamba gari halikulala upande wala halikuyumba. Kama si ile taa tusingejua kwamba tumepata pancha. Kwa kawaida gari lenye matairi ya namna hii huwekewa vifaa vya kutambua upepo, kwa sababu dereva akitegemea mikono yake kwenye usukani anaweza asihisi kitu, akaendelea kwenda mpaka tairi liharibike kabisa.

Tulifika. Mama aliingizwa chumba cha upasuaji, kondo likatolewa, akaongezewa damu. Baada ya siku chache alirudi nyumbani kumnyonyesha mwanawe. Kwa hilo namshukuru Mungu, na baada ya Mungu nalishukuru lile tairi.

LINAFANYAJE KAZI?

Tairi la kawaida linabebwa na upepo. Upepo ukitoka, ubavu wa tairi unalala, rimu inasaga mpira, na ukikaidi ukaendelea utafika unatembelea chuma. Habari hii ya upepo ndani ya mpira ilipata nguvu mwaka 1888, wakati John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipotafuta namna ya kulainisha magurudumu ya baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe. Tangu hapo dunia imepanda upepo, na imeogopa misumari.

Ranifleti ni jibu kwa woga huo. Aina iliyo ya kawaida zaidi ina ubavu mnene wenye mpira mgumu, unaoweza kusimama wenyewe na kubeba uzito wa gari kwa muda. Gari la spoti la Marekani liitwalo Chevrolet Corvette, toleo la mwaka 1997, lilitoka kiwandani na matairi ya namna hiyo na bila tairi la akiba. Siku hizi magari mengi ya fahari yametengenezwa hivyo, na yakizeeka huko ughaibuni baadhi yake yanakuja kwetu. Mnunuzi anafurahia rangi na redio, hafungui buti kuangalia kama kuna spea. Mkitaka kujua, someni ubavuni mwa tairi. Kila kiwanda kina herufi zake: Bridgestone huandika RFT, Goodyear ROF, Michelin ZP, na Continental SSR.

Nguvu hiyo ina mpaka wake. Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni kilometa 80 kwa mwendo usiozidi kilometa 80 kwa saa. Kipimo hicho ni cha barabara nzuri na gari lisilojaa kupita kiasi. Sisi tulikuwa watu wazima wanne, usiku, juu ya mawe. Zile kilometa 20 zilikuwa nyingi.

KWA FUNDI PANCHA

Kulipokucha tulimtafuta fundi pancha hapo mjini. Alipata msumari katikati kabisa ya kashata, na tundu lenyewe halikuzidi milimita 4. Mwanangu akafurahi. "Hii ni ya kuziba dakika tano," akasema. Alitaka fundi achomeke utepe wa mpira wenye gundi kutoka nje, ajaze upepo, tuondoke. Jamaa mmoja aliyekaa pale akatoa shauri la kutia tyubu ndani, mambo yaishe.

Namshukuru yule fundi kwa kukataa yote mawili. Alisema hazibi tairi lililotembea bila upepo kabla ya kuliona ndani. Ndipo kazi ilipoanza. Ukingo wa tairi la ranifleti ni mgumu mno. Alihangaika na nyenzo zake za chuma, jasho likamtoka, kisha akaacha. Aliogopa kukata ukingo ule au kuvunja kile kitambuzi cha upepo kilichofungwa kwenye rimu. Kazi hiyo inataka mashine yenye mkono wa ziada wa kukandamiza ubavu. Gurudumu likapandishwa kwenye basi dogo hadi Songea, nasi pamoja nalo.

Huko lilipofunguliwa nilichungulia ndani mimi mwenyewe. Kulikuwa na unga mweusi wa mpira, kama masizi, na ubavu ulikuwa na makunyanzi na mstari uliozunguka pande zote. "Mama, hili limepikika," akasema fundi wa mashine. Nikamwelewa mara moja. Sisi wauguzi tunayafahamu majeraha ya namna hii: juu kitundu kidogo cha kushona nyuzi mbili, ndani kumeoza. Ukishona juu unafungia ugonjwa ndani.

Hapo ndipo nilipojifunza neno ambalo ningependa kila mwenye gari kama hili alielewe. Katika ranifleti, swali la kuziba au kubadilisha halijibiwi na ukubwa wa tundu peke yake. Linajibiwa na safari ambayo tairi limekwenda likiwa halina upepo. Tundu lililo katikati ya kashata, lisilozidi milimita 6, likigunduliwa mapema kabla upepo haujaisha, baadhi ya viwanda vinaruhusu lizibwe mara moja, tena kwa kulifungua na kuweka kiraka chenye shina, ambacho kinajaza tundu na kufunika ndani kwa pamoja. Viwanda vingine havitaki lizibwe kabisa. Lakini likishakubeba bila upepo, ubavu wake umekwisha kulipa gharama ya safari, na kwa nje huwezi kuona.

Shauri la tyubu nalo ni baya. Tairi la namna hii halikuandaliwa kwa tyubu. Vitu viwili vya mpira vinasuguana, joto linapanda, na kwenye lami ndefu tyubu inaweza kupasuka ghafla.

FEDHA ZA NANI?

Hapa palikuwa na mabishano, nami sitaficha. Tairi jipya la ranifleti ni ghali kuliko la kawaida la saizi ileile, na Songea siku ile hatukulipata. Kulikuwa na la kawaida, lakini haifai kuchanganya la kawaida na ranifleti kwenye ekseli moja, maana moja gumu na jingine laini gari linapokata kona haliwi na msimamo. Aidha tairi la upande wa pili lilikuwa limelika sana, hivyo ilitakiwa kununua mawili. Fedha aliyokuwa nayo mwanangu ilikuwa ya ada ya shule ya muhula uliofuata.

Alinisihi: "Mama mdogo, tuzibe tu nifike Dar, huko nitanunua."

Nilimuuliza atapita wapi. Alijua atapita wapi. Kuna milima ya Lukumburu, kuna mteremko wa Kitonga ambako malori yanashuka yakinuka breki, na nyuma ya kiti chake wamekaa watoto wawili. Tairi linalopikika ndani halitoi taarifa kwamba sasa napasuka. Nilimwambia ada inaweza kuombewa muda kwa mwalimu mkuu. Mkewe, ambaye mpaka hapo alikuwa amenyamaza kama mgeni mwenye adabu, akasema yeye na watoto watapanda basi ikiwa gari litaondoka na tairi lile. Hiyo ndiyo iliyomaliza maneno. Matairi mawili yaliagizwa Dar es Salaam, yakaletwa kwa basi, na tulipata siku tatu zaidi za kukaa na wajukuu.

Baba wa yule mama aliposikia tairi liliharibika kwa ajili ya binti yake alileta debe la mahindi na jogoo. Mwanangu alikataa, mzee akakasirika, ikabidi apokee. Jogoo huyo alisafiri hadi Dar es Salaam ndani ya gari la spoti.

KABLA HAMJAONDOKA NYUMBANI

Mimi kwa maoni yangu, mtu anayesafiri mara kwa mara kuja huku kwetu heri awe na matairi manne ya kawaida, spea iliyojaa upepo, jeki na spana, kuliko ranifleti zisizopatikana hapa. Ubavu ule mgumu hauchukui mashimo vizuri, unakupigisha mgongo na unaweza hata kupindisha rimu. Lakini kabla ya kubadili aulize fundi anayelijua gari lake.

Na wewe usiye na gari la spoti, usidhani habari hii haikuhusu. Utapanda gari la mtu kwenda kliniki, kwenye msiba au kwenye mkutano wa akina mama. Angalia ubavuni mwa tairi panapoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho zinasema umri: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la mtumba laweza kuwa na kashata nzuri kumbe lina miaka kumi na zaidi na mpira umekauka, una nyufa kama kisigino cha kiangazi. Tundu la ubavuni halizibwi, liwe la ranifleti au la kawaida, hata fundi akisema limeshika. Kipimo cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva. Pimeni asubuhi tairi likiwa limepoa.

Katika mikoa yetu wako wenye magari ambao hubeba wajawazito kwa mpango wa m-mama, simu 115, pale gari la wagonjwa linapokosekana. Ningeomba vikundi vyetu vya akina mama parokiani, tunapochangia mafuta ya gari kama hilo, tuulize pia habari ya spea. Sisi hapa tulifanya hivyo Septemba ile ile. Katika magari matatu tuliyoangalia, moja lilikuwa na spea kipara, moja lilikuwa na spea nzuri bila jeki, na la tatu mwenyewe alikuwa ameiuza.